Mikono Iliyo Kwenye Bango

Kwa Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na watoto. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itawakuta wazima. Mgongo wa wifi unaendeleaje? Na yule kitinda mimba wenu, bado anakula sabuni au ameshapata akili? Sisi huku tunapumua. Mwandiko usikushangaze, meza yangu ina mguu mmoja mfupi na inacheza. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu wewe hunikatiza kila neno la tatu, Kaka, na haya nataka uyapate mpaka mwisho.

Kazini mambo ni moto. Kampuni inaadhimisha kuzaliwa kwake, na wenye mali wapya, ambao hatujawahi kuwaona isipokuwa kwenye skrini, wameagiza ukumbi wa chini ugeuzwe kuwa chumba cha historia. Mikufu ya zamani imefungiwa kwenye makabati ya vioo na kumulikwa taa, picha zimejaa ukutani, na binti mmoja wa idara ya matangazo, mpole wa watu, amepewa kazi ya kuiandika historia yenyewe. Ameiandika vizuri kiasi kwamba mimi niliyekulia mle ndani nilikuwa sijawahi kuisikia.

Kwa mujibu wa ukuta, mwanzilishi wetu, Sonara, aliiona saa ya dhahabu ndotoni, akaamka akaitengeneza. Wewe na mimi tunajua kwamba aliamka akaja kuazima kiti kwa Baba. Unakikumbuka kile chumba chenye dirisha moja? Baba alikaa upande wa mwanga na saa zake mbovu, Sonara akakaa gizani na hereni zake, kwa sababu alidai dhahabu hujimulika yenyewe. Mdomo ule ungeweza kumuuzia kipara kitana. Ni yeye aliyesema saa anazofufua Baba zivalishwe dhahabu, na kweli, wenye magari wakaanza kuinama kuingia kwenye mlango wetu mfupi. Ukaja mlango wa kioo, ukaja mlinzi mwenye glavu nyeupe, zikaja pete za harusi za watu ambao zamani wasingetuitikia salamu. Kisha Sonara akafa, wanawe wakagombana, wakauza. Siku hizi mashine za ndani ya saa zinakuja kwenye maboksi zikiwa tayari zinatembea, sisi tunazivalisha jina tu. Fundi wa kweli nimebaki mimi, kwenye karakana ya ghorofa ya juu, na saa kuukuu za wateja wazee.

Sasa nikufikishe kwenye ile picha. Umeiona, Kaka, usiseme hujaiona. Iko kwenye kila bango: mikono miwili bila uso, mkono wa kushoto umekamata kifundo cha mkono wa kulia, na kwenye vidole vya kulia inaning'inia saa ya dhahabu. Chini yake maneno ya Kampuni, "Mkono uliotulia, tangu mwanzo." Mikono ile ni ya Baba. Kovu la kidole gumba ni lile la mlango wa jikoni, mimi ndiye niliyeufunga. Sonara alimpiga picha nzima siku walipofungua duka, na baadaye walipomfukuza wakakata uso wakabakiza mikono. Nimekuwa nikipita chini yake kila asubuhi bila kukuambia, maana nilijua ungebadilisha njia usiione.

Nilimwomba yule binti aandike jina la Baba chini ya picha. Alisikitika kwa dhati, akapeleka kwa meneja. Meneja alinijibu kwa adabu zote kwamba mikono hiyo ni ya Kampuni. Ila alipojua mimi ni mtoto wa nani, macho yakamtoka kwa furaha. Akaamua kwamba siku ya sherehe nitakaa jukwaani, kwenye meza ileile ya Baba, nifunge springi ya saa, ile nyembamba kama unywele, huku kamera ikionyesha vidole vyangu kwenye skrini kubwa kama ukuta wa nyumba yako. Aliongeza kwamba wenye mali, wale tunaowaona kwenye skrini tu, watakuwa wanatazama, na ndio watakaoamua kama karakana ya juu ibaki au ifungwe.

Kaka, ningefurahi sana. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuangusha bisibisi.

Mwanzoni nilisema ni uchovu. Halafu nikasema ni kahawa, nikaacha kahawa. Nikabadili kiti, nikabadili kibano, nikamsingizia fundi umeme kwamba taa inacheza. Mwishowe nilikwenda kwa daktari. Alinipa karatasi nichore duara, nikachora kitu kama kiazi. Akasema ni ugonjwa wa kutetemeka unaorithiwa ndani ya ukoo, hauui, na hauponi. Dawa alizonipa zilinilaza mezani mchana kweupe na mikono ikaendelea na mambo yake. Aliniuliza nani kwetu alikuwa nao. Nikamjibu hakuna, ila baba yetu alikuwa mlevi. Daktari akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba wapo wagonjwa ambao mkono hutulia wakipata pombe kidogo tu, wakagundua wenyewe bila kuambiwa na mtu, na kwamba baadaye mkono hudai zaidi na zaidi. Akaniuliza tena, taratibu, kama baba yangu alianza kunywa kwanza au kutetemeka kwanza.

Nilirudi kazini kwa miguu, nikaingia chumba cha historia, nikasimama mbele ya picha. Kioo chake kilinionyesha mwenyewe, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa umekamata kifundo cha wa kulia. Sikuuweka pale kwa kutaka. Kumbe hata siku ile ya kufungua duka Baba hakuwa anajipamba kwa ajili ya picha, alikuwa anaushikilia usimwaibishe. Mpaka siku hiyo hakuwa ameonja tone, Mama mwenyewe alikuwa akisema hivyo. Nilikaa chini kwenye zulia jipya nikalia mpaka mlinzi akaniletea maji.

Unaikumbuka jioni ile aliyofukuzwa kazini kwa ulevi, ulipoweka begi lake nje ya mlango? Ulimwambia, "Rudi siku mikono yako ikitulia." Naye akakujibu, "Mwanangu, nikiacha ndiyo inazidi." Tulicheka, Kaka. Mama pia alicheka. Tuliona ni maneno ya kila mlevi. Alikuwa anatuambia ukweli mtupu, na hakuwa na neno jingine la kuusemea. Alipofia kwenye kile chumba cha kupanga, akitengeneza saa za mezani za plastiki, ulilipia mazishi yote na hukutia neno. Sikulaumu, mimi nilikuwa nyuma yako mlangoni. Lakini hakuna mahali pa kwenda kumwomba radhi, na hilo linaninyima usingizi kuliko mikono.

Jambo jingine linanitisha. Mlipotutembelea mara ya mwisho, ulimwambia binti yangu asikujazie kikombe. Nusu tu, ulisema, ukakishika kwa mikono miwili. Nilikutania kwamba uzee umekubisha hodi. Baba naye alikuwa haruhusu kikombe chake kijazwe, tukamwita mkulima wa nusu ekari. Nenda kwa daktari, Kaka. Hatakuponya, ila utajua.

Sasa rudi nyuma uangalie mwandiko, kuanzia pale nilipomtaja daktari. Umenyooka, sivyo? Meza yangu haina mguu mfupi. Nilifika hapo kalamu ikanishinda, nikaenda kabatini nikanywa kizibo kimoja cha pombe, ndipo nikaweza kukuandikia mengine. Ni wiki kadhaa sasa, na mwanzoni kizibo kimoja kilikuwa kinatosha siku nzima. Siku ya sherehe nitakunywa viwili, nitafunga springi, watu watapiga makofi, na huenda karakana ikabaki mwaka mmoja zaidi. Ya baada ya hapo nayajua, nimeshayaona nyumbani kwetu.

Msalimie sana wifi, umwambie ile dawa ya kuchua mgongo nitamtumia. Wanangu wanawasalimu wote, na kitinda mimba afichiwe sabuni. Na siku nikija kwako nikinuka pombe, Kaka, begi langu liache ndani.

Ni mimi mdogo wako,
Kibano