Hadithi Mchana Kweupe

Shoga, leo mama mkwe ameniaibisha, sina pa kuuweka uso!

Mimi na mama mkwe tumempeleka mwanangu Mwidani maktaba, kile kipindi cha hadithi cha watoto wachanga. Mkutubi kafungua kitabu tu, mama mkwe huyoo, akampokonya mtoto mapajani mwangu. Kumpokonya, wallahi!

"Hadithi hazisimuliwi mchana! Mtoto ataota pembe!"

Pembe, shoga! Eti ndivyo walivyokatazwa wao hapa Likoni, miaka ya arobaini. Kina mama wote wananitazama, mkutubi kaduwaa.

Nikamfuata nje, nimefura. Mtoto analia, hanyamazi. Unajua kambembeleza na nini, mchana kweupe?

"Paukwa, mjukuu wangu! Hapo zamani za kale…"

Mimi "pakawa" simwitikii ng'o!