Njugu Unazojiwekea Mwenyewe

Munuki, Juba

Mama yangu mpenzi,

Goti lako linaendeleaje, limetulia ama bado linakunyima usingizi? Mimi ni mzima, ila joto la huku linatupika pamoja na chakula cha hoteli.

Njugu zako zilifika salama na yule dereva. Mpishi mwenzangu Betty, yule Mganda, alionja akasema, "Mama yako iko na mkono muzuri." Nikaringa kama mimi ndiye niliyepalilia!

Sasa sikia. Juzi bosi alitupeleka sisi watu wa jikoni kwenye semina ya usalama wa chakula. Mtaalamu mwenyewe alikuwa Nairobi, tukamtazama ukutani kupitia mtandao. Jenereta ikisumbua anaganda mdomo wazi, nasi tunacheka. Kisha akafika kwenye njugu. Alisema zile zilizoshika ukungu zina sumu inayoharibu ini polepole, na hata ukikaanga au kuchemsha, haitoki.

Nekesa dada yangu, hapa usiruke, msomee Mama polepole.

Mama, nilikuona akilini umekaa na uteo wako. Za kuuza huku, za wajukuu huku, na zile nyeusi zilizokunjamana unaziweka kando kwenye kikombe. Tukikuuliza unasema, "Hizo ni zangu, mimi nimezoea." Unazisaga, unaungia mboga yako. Nasi tukaamini kwamba unazipenda!

Machozi yakanitoka palepale. Betty akaninong'oneza, "Nafula, wewe nalia nini? Hii semina ya njugu, si matanga."

Nilipofika nyumbani nilimwaga gunia lako lote kitandani nikachambua. Sikupata hata moja mbovu. Ndipo nikajua mbovu zote ziko kwako.

Tafadhali Mama, hizo za kwenye kikombe zichome. Usiwape kuku, na usiniambie ni hasara. Hasara ni kukukosa wewe. Mkivuna tena, anikeni juu ya turubai, na zisiingie guniani kabla hazijakauka vizuri.

Nisalimie wajukuu wako, na shemeji yangu na redio yake ya kelele. Mama mchungaji mwambie kitenge chake nimekipata.

Dereva anarudi kesho na nusu ya njugu zako, zile nzuri kabisa. Si za kuuza wala za wageni. Nekesa atakaa mbele yako mpaka uzile.

Mtoto wako akupendaye sana,
Nafula