Hotuba Niliyomwandikia Watiri

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimekuwa mtu wa sinema. Miaka ishirini na saba ya kufundisha Kiswahili, na leo ndiyo mara ya kwanza mtu amenitafuta kwa sababu ya Kiswahili. Mwongozaji, anaitwa Kim, kijana wa Nairobi. Wanapiga filamu Timau kuhusu mgomo katika shamba la maua. Anataka mshauri wa lugha kwa wiki mbili, na shule zimefungwa. Jina langu litapita kwenye skrini mwishoni. Nikamwambia nitafikiria. Nilifikiria kama dakika moja.

Mke wangu, Mama Ngendo, amecheka mpaka akaweka sufuria chini. Ati jina lenyewe litapita watu wakiwa wameshainuka. Sawa. Lakini litapita.

Nimempigia dada yangu Watiri, maana yeye anakaa huko Timau na mgomo kama huo aliuona kwa macho. Alikata waridi miaka kumi na moja, wakagoma, akafutwa kazi. Hiyo ni miaka minne sasa. Kumbe tayari ameandikishwa — mmoja wa wanawake arobaini watakaoigiza wafanyakazi.

"Walitaka wale wanajua kushika makasi," akasema. "Si ndio sisi."

Jumatano, 6 Agosti

Timau. Baridi ya kukata masikio asubuhi, vumbi la ngano mchana. Tunapigia ndani ya grinhausi kuukuu ambayo mwenye shamba ametupatia tuitumie. Nimepewa kiti chenye mgongo. Nimepewa lodge, ingawa nyumba ya Watiri ni dakika tano kwa miguu.

Saa ya chakula kuna hema: wali, kuku, vitambaa mezani. Hilo ni la waigizaji wakubwa, mafundi wa kamera na — ndiyo — mshauri wa lugha. Wale wanawake arobaini wanapewa githeri, mahindi na maharagwe, kando ya ua wa waya, juani, wamesimama. Wanaigiza watu wanaodhulumiwa, na hakuna aliyeona kitu cha ajabu. Hata mimi nilichelewa kuona. Nilikuwa kwenye paja la pili.

Watiri akaniita toka kwenye waya, kwa sauti: "Mwalimu! Kuku ako aje?"

"Ako sawa," nikasema.

Ua mzima ukacheka. Sikuacha kula, lakini utamu ulipungua.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimesoma mswada mpaka mwisho. Nina hasira ambayo sijui niiweke wapi.

Mwenye shamba wa kwenye filamu ana jina, ana mke mgonjwa, ana mbwa. Mbwa naye ana jina. Wafanyakazi ni Mfanyakazi wa Kwanza, Mfanyakazi wa Pili, na mmoja anaitwa Mama wa Ndoo. Bosi akihuzunika kamera inamsogelea mpaka unaona chozi likijikusanya. Wanawake wakihuzunika inapanda juu ya ngazi na kuwapiga picha wote pamoja, kama mbuzi sokoni. Kisha mwisho: wanagundua bosi naye ana shida zake nyumbani. Wanaona haya. Mama wa Ndoo anapiga magoti, anaomba msamaha kwa niaba ya wote na kushukuru. Bosi anasamehe. Wimbo. Watu wanarudi kukata maua.

Kila mwaka huwa nachora mstari katikati ya ubao. Huku wenye nyenzo, kule wenye mikono mitupu. Halafu nawauliza watoto: hadithi hii inataka umhurumie nani, na nani anafaidika ukimhurumia? Wananijibu vizuri, wanapata alama, tunafuta ubao.

Nikamwendea Kim. Mpole sana, kofia kichwani. Ati watazamaji wanataka kutoka wakiwa wamepona. Ati tena mwenye shamba, yule wa kweli, alisoma mswada kabla ya kutoa grinhausi, na mwisho huo ndio aliupenda. Basi hapo swali la ubaoni likajibiwa bila mimi kuinua chaki.

Halafu akasema: "Lakini Mwalimu, hotuba ya Mama wa Ndoo imelala. Unaweza kuiamsha?"

Nikaiamsha. Na hasira zote hizo, nikakaa chini nikaandika msamaha mtamu kuliko wote niliowahi kuandika. Tashbihi mbili. Takriri. Kim akasoma, akashika kifua. Nilifurahi — tuseme saa nzima.

Ijumaa, 8 Agosti

Wamemchagua Mama wa Ndoo. Ni Watiri. Kim amependa mikono yake, ati ina hadithi. Hajui ni dada yangu. Sikusema. Nilijiambia ni ili asionekane amependelewa.

Jioni Watiri akaja lodge na karatasi.

"Nani ameandika hii?"

"Ofisi," nikasema.

Akasoma kwa sauti pale mapokezi. "'Mkono wako ulitunyeshea kama mvua ya kwanza kwenye shamba kavu.' Wacha nikuulize. Kwa harusi ya binamu yetu Mutahi si ulisimama ukasema juu ya mvua hii hii? Mvua ya kwanza, shamba kavu?"

Nikaanza kupanga magazeti ya mezani.

"Hata kudanganya hujui, na umesoma."

Akaketi. Akanisimulia, na nina aibu kwamba kwa miaka minne sikuwahi kuuliza vizuri. Asubuhi ya mgomo walikuwa wamepiga dawa ya wadudu. Majani bado yanatiririka. Supavaiza akawaambia waingie, oda ni ya ndege ya jioni. Waliingia. Wangui, aliyekuwa mstari mmoja naye, akatapika juu ya maua. Ndipo Watiri akamwaga maji ya ndoo yake, akaipindua, akaikalia. Wengine wakafanya vivyo hivyo. Hakuna aliyepiga kelele. Kila mkata maua anaijua hiyo: ndoo ikiangalia chini, hakuna anayekata, na supavaiza anaiona toka mlangoni.

"Hatukupiga magoti," akasema. "Tulikaa. Hiyo ndio kitu tulifanya. Na bosi akikuja nilimwambia maneno mawili. Dawa haijakauka. Basi."

Wangui mpaka leo hapandi ngazi za kanisa bila kupumzika katikati.

"Nikisema hii yako, Mwalimu, watu wa Timau wataona mimi nikiomba msamaha kwa sababu Wangui alitapika. Wangui mwenyewe ataona. Ako kwa hao arobaini."

Nikaahidi nitaongea na Kim Jumatatu. Akanitazama vile mama alikuwa ananitazama nikisema nimeshapeleka ng'ombe mtoni, na bado wako zizini.

Jumatatu, 11 Agosti

Niliongea. Kim alinisikiliza vizuri mno, akaniwekea mkono begani. Ati anaelewa, ati ni filamu, si kesi. Kama huyo mama hawezi, yuko mwigizaji Nairobi anayelia kwa kuombwa tu, anaweza kufika kesho kutwa. Nikasema asante. Nilisema asante!

Nimekula hemani tena. Nilitaka kwenda kwenye waya, miguu ikanipeleka ilikozoea. Nawakasirikia wote wenye vitambaa mezani, na mmoja wao amechafua chake kwa mchuzi.

Nilimwambia Watiri: Kim amekataa.

"Sawa," akasema. Hakunitania. Hilo ndilo limenitisha.

Jumanne, 12 Agosti

Naandika papa hapa, ndani ya grinhausi, saa tano na nusu asubuhi.

Ilikuwa sehemu ya magoti. Ndoo arobaini za waridi, bosi wa filamu amesimama na koti lake zuri. Watiri akamwendea mpaka karibu. Mimi midomo yangu tayari inasogea na ile mvua ya kwanza. Akasema, "Dawa haijakauka."

Akageuka. Akarudi kwenye mstari wake, akatoa waridi akazilaza pembeni taratibu, akamwaga maji, akapindua ndoo, akakaa. Kisha Wangui. Kisha wote. Maji yakaja mpaka kwenye viatu vya mafundi. Kim akanong'ona kamera isizimwe. Alikuwa na furaha kama mtoto.

Halafu akasimamisha. "Mama, hiyo nimeipenda. Sasa turudie, na magoti."

Hakuna aliyeinuka.

Akacheka kidogo. Akaomba tena. Wote wanatazama mlangoni, mikono mapajani, na mwigizaji wa bosi hajui asimame wapi. Sasa hii si filamu, na Kim ndiye wa mwisho kuligundua.

"Mwalimu," akasema, "wewe ndiye mtu wa lugha. Zungumza nao."

Nikaenda. Kwa kweli sikujua ninakwenda kusema nini. Watiri akanisogezea ndoo kwa mguu, ya mwanamke ambaye leo hakuja.

"Mwaga maji kwanza," akasema. "Usiketi kama mgeni."

Nimeketi. Ndoo ni fupi kuliko nilivyodhani, magoti yamefika kifuani, na suruali imelowa. Wangui amecheka, kisha amekohoa muda mrefu.

Gari la mwenye shamba limesimama nje, yule wa kweli. Kim ametoka kumlaki, na sasa wanaingia pamoja. Kim ameshika karatasi. Naijua hata toka hapa — ni hotuba yangu. Anainyoosha kwangu, ati niwasomee angalau wasikie uzuri wake.

Watiri hanitazami. Wananisubiri.