Vifaranga wa Madoa Wamepata Mama

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini kalamu imekataa kuanza bila shikamoo. Nimekaa kwenye kizingiti cha jikoni kwako hapa Msimbu, karatasi iko juu ya ungo nilioufudikiza mapajani, na naandika kwa herufi za Kiarabu za chuoni, zile ulizokuwa ukisema zinatembea kama siafu. Leo zinatembea ovyo zaidi. Si kwa huzuni, mama. Ni furaha! Vifaranga wa Madoa wamekubaliwa, na ukijua wamekubaliwa na nani, utagomba huko huko uliko.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana mambo yote haya yametokea nyuma yako.

Siku ya msiba wako watu walijaa mpaka wakakaa kwenye mihogo. Mjomba akasimama katikati ya uwanja akatangaza, "Dada yangu hatazikwa kwa mchicha." Basi tena. Kuku wako wote wakakimbizwa, jogoo, mitetea, hata yule mwenye kilema cha mguu. Simlaumu, wageni lazima wale. Lakini Madoa alikuwa ameatamia nyuma ya mtungi, na nilipowasikia wanakuja jikoni nikamfunika na tenga, nikakaa juu yake. Mwenyewe unamjua Madoa kwa mdomo. Akaanza kulalamika huko ndani. Nikalia kwa sauti ili asisikike. Nililia, mama! Wanawake wakanishika mabega, mmoja akasema, "Mwacheni, mtoto wa watu ana uchungu." Na uchungu nilikuwa nao kweli. Nilikuwa nakulilia wewe, na papo hapo namwomba Mungu kuku anyamaze.

Nilimficha kwa sababu niliogopa. Hukuacha mtoto mwingine ila mimi, na mimi nimeolewa Janga. Mjomba ameshasema kwamba arobaini ikipita nyumba itafungwa, ianguke yenyewe. Nikaona kwamba Madoa naye akiingia chunguni, hapa hapatabaki kitu chako chenye uhai, na sitakuwa na la kunirudisha Msimbu. Kaburi lipo, nitalizuru. Lakini kaburi halinipokei mzigo nikifika.

Madoa akaangua, mama! Nilipomwona wa kwanza anachungulia chini ya bawa, nikapiga kigelegele, kisha nikajiziba mdomo kwa kanga nilipokumbuka kwamba bado tuko msibani. Furaha yenyewe haikukaa. Kesho yake asubuhi nikakuta manyoya ya Madoa yametapakaa mlangoni. Kicheche alikuwa amemchukua. Vifaranga walikuwa wamejibanza kwenye kuni, wanalia.

Nilikaa chini nikawatazama, nikasema basi, yamekwisha. Halafu mmoja akaja kunidonoa kucha ya mguu, anadhani ni punje. Nikainuka. Nikachukua chungu kipana, nikajaza sufi ya mto wako. Ndiyo, niliupasua. Sufi gani nyingine ningeipata saa ile? Nikakiweka chungu karibu na mafiga, na kila mara nikawa nakipima kwa shavu, si kwa mkono, kwa sababu ulinifundisha kwamba vidole vya mpishi vimezoea moto na vitanidanganya. Nikawapa chenga za mchele, nikabomoa kichuguu nikawaletea mchwa. Walikula, lakini walilia, mama. Walikuwa wanaita. Mimi kila nikijibu kwa mdomo wangu wananyamaza kidogo, wananisikiliza, kisha wanaona huyu si yeye, wanaanza tena. Mmoja alikufa mkononi mwangu. Wengine wakawa wanasinzia wima.

Palikuwa na kuku mmoja tu aliyekuwa ameatamia jirani hapa. Umeshamjua? Ndiye yeye! Kishingo wa Bi Zuhura, yule asiye na manyoya shingoni!

Ukimwona akivuka kuja uwanjani kwako ulikuwa unapaza sauti mpaka kwenye mihogo yake, "Bi Zuhura, mvalishe ushungi huyo, anatembea shingo wazi mbele za waume za watu!" Naye anakujibu kwamba kuku wako wamevaa vizuri lakini hawana heshima. Mlicheka kila siku kwa maneno yale yale. Basi nikajitwika chungu nikaenda. Nikamwamkia, nikamweleza. Akacheka mpaka akashika nguzo. "Mama yako kaniletea wajukuu zake kwa kuku wangu uchi!" Kisha akageuka, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Na mimi nikaharibu. Nilikuwa nimefikiri kabla sijatoka nyumbani kwamba kuku atawakataa kwa sababu ya harufu ngeni, kwa hiyo nikachukua udi uliobaki kwenye hitima nikawafukiza wote, kuku na vifaranga, kama maharusi. Kishingo akapiga chafya. Sikujua kuku anapiga chafya! Akachanganyikiwa, akafura kama mto, na nilipomsogezea kifaranga wa kwanza akamdonoa utosini. Nikapiga ukelele kama niliyedonolewa mimi.

Bi Zuhura akaninyang'anya chetezo cha udi. "Mwanangu, kuku hapewi mtoto mbele za watu. Ni mpaka aamini ameangua mwenyewe."

Tukamtengenezea usiku mchana kweupe. Tukafunga mlango, tukaziba dirisha kwa gunia, na juu ya kiota tukatandaza kaniki nyeusi ya Bi Zuhura. Tukangoja moshi uishe na kuku atulie. Kishingo alikuwa amelalia mayai viza, siku zake zimekwisha na hayana kitu. Bi Zuhura akapenyeza mkono chini ya kaniki, polepole, akatoa yai moja. Mimi nikampa kifaranga, akamwingiza pale pale yai lilipotoka. Tukangoja. Akatoa jingine, tukaingiza mwingine. Jasho lilinitoka. Kila akitoa mkono nilikuwa nangojea kusikia mdomo unapiga fuvu.

Vifaranga wakanyamaza. Wote, mara moja, kimya. Nikamshika Bi Zuhura mkono nikambana, nikajua amewaua. Hapo ndipo tukamsikia Kishingo. Akaanza ile sauti ya chini, ya kooni, kro, kro, kro, sauti ambayo mimi nilijaribu kuiga karibu na chungu nikashindwa. Na kutoka chini yake wakamjibu, kidogo kidogo, kwa sauti za watu walioshiba. Tulikumbatiana gizani, mama, mimi na Bi Zuhura, tukiumana vidole tusicheke kwa nguvu!

Leo asubuhi tumefungua mlango kwa hofu, maana mchana anawaona walivyo. Ametoka yeye mbele, shingo yake nyekundu wazi kabisa, na nyuma yake wote wanafuata. Paka wa Bi Zuhura amesogea kuchungulia, ametimuliwa mpaka juu ya paa. Wawili wana madoa, nimewaona kwa macho yangu, yale yale ya mama yao.

Kesho narudi Janga. Nitatembea mpaka Pugu nipande gari moshi, na vifaranga wachanga hivi hawaiwezi safari hiyo. Bi Zuhura ameniambia niwaache kwake, wakikomaa nije na tenga niwachukue. Nimemshukuru, nimemwambia nitakuja.

Lakini wewe nakwambia ukweli. Sitawachukua wote, mama. Nakuahidi. Nitachukua wawili watatu, niache wengine watage hapa hapa, na mwakani nitakuja kuchukua tena wawili watatu, na mwaka wa pili yake vilevile. Nyumba itaanguka, na njia ya kuja mlangoni kwako itaota majani, lakini Mungu akinipa miguu nitakuja. Na mume wangu akiniuliza nafunga mzigo wa kwenda wapi, sitasema naenda kutazama kuku. Nitamwambia naenda kwetu.

Kwaheri, mama. Mungu akulaze pema.

Mwanao,
Mwajuma