Shakwe wa Kitindamimba Wangu

Nimemwona! Yule shakwe wa kitindamimba wangu yupo kweli, nimemwona Jumatatu kwa macho yangu haya, pale kwenye bwawa la maji!

Mdogo wangu, samahani, hata salamu nimeziruka. Hamjambo huko? Mimi ni magoti tu.

Unakumbuka mwaka jana chama chao cha kutazama ndege walivyomcheka? "Dada, ndege wa baharini huku bara? Hiyo ni mifuko ya plastiki!" Wakakataa kumwandika, eti lazima mashahidi wawili, naye alikuwa peke yake kazini akipima maji. Mtoto mwenye akili kuliko chama kizima! Akaja akanichorea: kichwa cheusi, kope nyeupe kama zimepakwa chokaa.

Basi tangu tumzike, kila asubuhi naenda na darubini yake. Majirani wanasema nimechanganyikiwa. Waache waseme. Miezi saba, mdogo wangu. Jumatatu ndege akatua juu ya bomba, akanigeuzia uso. Kope zile zile! Nikageuka haraka nimwambie mwanangu.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini mwenyekiti wao nilimleta kwa kumshika mkono. Akatazama, akavua kofia. "Mama, shahidi wa pili ni wewe." Jina la kwanza wataandika la mwanangu, walisome mbele ya watu hapo bwawani. Njoo na wanao wote, na mvae vizuri.

Dada yako, shahidi wa pili.

Nisisahau: ni Jumamosi hii ijayo, saa tatu asubuhi.