Miti ya Zahanati Bado Myembamba

Kupita Nyololo, Mufindi
14 Septemba 2025

Mpendwa dada Anjela,

Kamwene dada. Hamjambo huko Uyole? Shemeji Isaka mgongo umemwachia, au bado anatembea kama amebeba gunia? Sisi tunapumua. Mama anakula vizuri na anagombana na kila mtu, kwa hiyo ujue ni mzima.

Nakuandikia barua kwa sababu simu tunatumia moja, na mke wangu Esta anasoma meseji zote. Ni mjamzito tena. Najua umeshtuka. Hata mimi, badala ya kufurahi, nilianza kuhesabu miezi. Atajifungua mwishoni mwa Novemba, mvua zikishaanza na barabara yetu ikiwa matope, kama mwaka juzi tulipompoteza mtoto juu ya bodaboda kabla hata hatujaifikia lami.

Chumba cha kujifungulia pale zahanati bado kimeishia kwenye lenta, hakina paa. Majani yameota ndani.

Unaikumbuka miti ya mfuko wa zahanati, ile paina tuliyopanda kijiji kizima mwaka 2017, wewe ukibeba miche na kuimba kwa sauti yako mbaya? Tulikubaliana ikikomaa tukate kipande kimoja cha shamba kila mwaka, tupande tena palepale, na fedha ziitunze zahanati hata sisi tukishaondoka. Mwezi uliopita amekuja mnunuzi anaitaka yote, michanga hivyohivyo. Mkutano ukagawanyika, wengine wakitaka tuuze tuezeke chumba. Mimi ndiye mwenyekiti wa mfuko, na moyoni nilishauza siku ileile. Nilikuwa nakohoa ili niseme, Esta akasimama na tumbo lake.

"Bati mtaezeka, haya. Dawa je, mtanunua na nini? Na huyu binti yangu Pendo akikua akaja kujifungua hapa, mtakata nini tena?"

Nani angembishia mama aliyefiwa? Miti haikuuzwa. Watu walimpigia makofi, na mimi nikapiga, huku nimeogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Nimemwomba aje kwako Novemba, akae karibu na hospitali. Hataki. Anasema mke wa mwenyekiti hawezi kukimbilia mjini wakati Sekela, jirani yetu, naye ana mimba na anabaki hapa. Nimebembeleza, nimenuna, nimegoma hata kula. Ugali wangu akampa Pendo.

Dada, nimeishiwa. Mpigie wewe, anakuheshimu. Mwambie aje na huyo Sekela kama ni lazima. Najua nyumba yenu ni ndogo, nisamehe.

Mama anawasalimu wote, na Pendo anamsalimu shangazi yake kwa namna ya pekee. Nisalimie shemeji na wapwa zangu Saulo na Blandina. Mungu awakinge na baridi ya huko na kila baya.

Jana tulikuwa tunafyeka barabara ya kuzuia moto kuzunguka ile miti, maana msimu wa moto umefika. Esta alikuwa mbele na jembe lake, haambiliki. Nilipobaki nyuma nikaushika mti mmoja kwa viganja viwili, nione umefikia wapi. Dada, vidole vyangu vilikutana.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na nisiye na pengine pa kukimbilia,

Vitus