Kibali Kisichofunguka

2 Machi

Kitinda mimba wangu,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, ila mama yako magoti yanamsumbua. Mdomo haujambo. Wewe je, unakula? Kwenye picha uliyotuma shingo imerefuka.

Barua yako ya mahafali nimeisoma mara tatu, mara ya pili nimesimama. Mpima ardhi! Lakini umenichefua mahali pamoja. Unasema chuo kiko mji mwingine, mwendo wa saa tatu kutoka unapokaa, na kwamba siku hiyo utapanda basi. Basi? Mtoto wa Breki? Nimeendesha lori miaka thelathini na nane, nimebeba saruji, maharusi na maiti za watu, halafu siku yako wewe ubanane na watu usiowajua? Thubutu! Nakuja, nakodi gari hukohuko, nakupeleka mwenyewe. Tangu nistaafu hakuna aliyenipa funguo, hata ya baiskeli. Nipe siku hiyo moja tu.

Usinijibu kwa simu. Simu ni upepo, karatasi ni ushahidi.

Baba yako, Breki


19 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi mzima wa afya. Mpe Mama pole ya magoti. Shingo yangu ni ileile, kola ndiyo ilikuwa fupi.

Nilivyofurahi kusikia unakuja, mwenye nyumba alitoka kuuliza kuna nini. Ila nimepita ofisi ya magari ya kukodi, na dada wa kaunta hacheki na mtu. Anataka pasipoti. Anataka leseni yenyewe, si kivuli chake. Anataka kadi ya benki yenye jina la dereva, si la mke wa dereva. Na juu ya hayo yote anataka kibali cha kimataifa cha udereva, yaani kijitabu kinachoeleza leseni yako kwa lugha kadhaa. Hicho hutolewa nyumbani tu, kabla hujasafiri. Ukija bila hicho, hata kama ulizaliwa juu ya usukani, gari hupewi.

Baba, kwani ni lazima uendeshe wewe? Na tafadhali usinitajie ukuta wa jiko. Najua niliugonga. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na wewe ulikuwa unanipigia kelele dirishani.

Binti yako


8 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Ukuta umeutaja wewe, mimi nilinyamaza. Ufa bado upo na wageni bado nawaonyesha: hapa ndipo binti yangu alipoachana na udereva.

Lazima niendeshe mimi, ndiyo. Wewe unajua mimi si mtu wa kuendeshwa. Hata kwenye basi mguu wangu wa kulia unakanyaga breki sakafuni safari nzima, na usingizi haunipati mpaka nishuke.

Sasa sikia mikasa. Jumatatu nilivaa suti nikaenda ofisi ya leseni. Dirisha la kwanza likanituma la tatu. La tatu likasema anayehusika ni yule wa la kwanza, ila ameshaenda kunywa chai. Nikamngoja mpaka chai ikageuka chakula cha mchana. Wakanipima macho, nikasoma herufi zote hadi jina la kiwanda lililochapwa chini ya kibao. Mpiga picha akaniambia nisicheke. Nikamwambia kijana, mimi mstaafu, cha kuchekea nitakitoa wapi?

Kibali kimetoka! Kijitabu cha kijivu, kurasa kibao, picha yangu ndani imekodoa macho. Kadi ya benki nimefungua ya kwangu, mama yako akanuna siku mbili. Nimeongeza barua ya mwenyekiti wa mtaa, cheti cha ndoa, na barua ya bosi wangu wa zamani inayosema sijawahi kuua hata kuku. Ina mihuri mitatu. Hawakuviomba, lakini maofisi nayajua.

Baba yako


22 Aprili

Shikamoo Baba,

Hongera! Nimecheka mpaka chozi. Cheti cha ndoa, Baba? Dada wa kaunta umchumbie?

Nakuomba jambo moja. Kijitabu hicho ni karatasi tupu. Kisilowe, kisikunjwe, kisichanike. Nakujua wewe na vikombe vya chai. Kikiharibika, huku hakuna wa kukupa kingine.

Na kuna habari ya magari nataka kukwambia. Nimeiandika mara mbili nikaichana. Umefurahi mno, sitaki kukukata maini. Tutaongea ukifika.

Binti yako


9 Mei

Mwanangu,

Za masomo? Ondoa shaka kuhusu kibali. Barua yako ilinitia hofu, nikakipeleka kwa yule kijana wa stesheneri, nikamwambia kitie plastiki ya moto, usibakize upenyo. Amekipiga pasi pande zote. Sasa hakilowi, hakikunjiki, hakichaniki. Nimekitumbukiza kwenye ndoo ya maji mbele ya mama yako, kikatoka kikavu.

Hicho hata wajukuu watakikuta. Nafika tarehe 28.

Baba yako


17 Juni

Shikamoo Baba,

Natumaini ulifika salama na uchovu umekwisha. Mama amenipigia simu. Anasema umewaambia yeye na wastaafu wenzako wote kijiweni kwamba ulinipeleka mahafali kwa gari, mwendo wa saa tatu, mkono mmoja. Ameniuliza ni kweli? Nimemwambia mtandao unakatakata.

Baba, jamani. Nikukumbushe? Ulifika kaunta na suti yako. Dada akapokea kibali, akakigeuza, akakigeuza tena, akatafuta pa kufungulia kwa ukucha. Akauliza, "Kinafunguliwa wapi?" Ukamjibu, "Hakifunguliwi, huo ndio usalama wake." Akaleta mkasi kwa nia njema kabisa, mkasi ukapita shingoni mwa picha yako. Ukamwekea barua ya mwenyekiti. Ukamwekea cheti cha ndoa. Mimi naangalia saa, mahafali yamebakiza saa tatu na nusu, basi limeshaondoka, na wewe umesimama pale umeshika kichwa chako mkononi.

Ndipo nikatoa leseni yangu. Habari yenyewe ndiyo hiyo, niliyokuwa nikiiandika na kuichana. Nilifaulu mwaka juzi, mara ya nne. Ukauliza, "Ya nani hiyo?" Ukaikagua mhuri mbele na nyuma, kisha bado ukaenda kufungua mlango wa dereva.

Sikukuudhi kwa makusudi, Baba. Ningefurahi sana ungeendesha wewe. Sasa niambie, Mama nimwambie nini? Ukitaka ninyamaze, nitanyamaza. Ila kukoroma kwako hakukuwa kwa mtu mwenye usukani.

Binti yako


4 Julai

Mwanangu,

Salamu. Magoti ya mama yako yamepona ghafla siku alipojua ukweli, maana alikimbia hadi kwa jirani kusimulia.

Nimemwambia mwenyewe. Na kijiweni nimesema, nimesimama, wakanicheka wakamaliza. Hapo kaunta nilitaka ardhi ipasuke. Nilijiona si kitu, mzee na makaratasi yake. Tulipoondoka nilikanyaga sakafu kwenye kona ya kwanza, na ya pili. Ya tatu nikaona umepunguza mwendo kabla mguu wangu haujafika chini. Baada ya hapo sikumbuki. Miaka thelathini na nane barabarani, mwanangu, sijawahi kumwamini mtu nikalala. Sijui kama nilikoroma, ila kulala nililala. Nakushukuru.

Kile kibali nimekirudisha kwa kijana wa stesheneri. Amekiunganisha shingo, kakitia plastiki nyingine.

Jana fundi amekuja kupaka chokaa, akauliza kama azibe ule ufa wa jikoni. Nimemkataza. Wageni bado nawaonyesha, ila sasa nawaambia hapa ndipo binti yangu alipoanzia.

Abiria wako,
Baba